Vodka "haina ladha"? Iweke kando ya waragi, wiski na bia kwanza

Kuna malalamiko mawili yanayofika kaunta yetu hapa Busia, upande wa Uganda, na yanapingana. Mteja mmoja anasema vodka aliyouziwa ni maji tu yanayochoma, haina ladha, heri angechukua waragi, pombe kali ya Uganda. Mwingine, akiwa na chupa ya aina ileile, anasema inanukia dawa ya hospitali, lazima imechakachuliwa. Wote wanataka wabadilishiwe. Mara nyingi chupa haina kasoro yoyote. Mnunuzi alitarajia vodka ifanye kazi ya kinywaji kingine, basi. Tumeona tueleze mara moja hapa, ili ukija dukani ujue unachagua nini.

Tuanze na inavyotengenezwa. Nafaka, viazi au molasi (urojo unaobaki miwa ikitengenezwa sukari) huchachushwa, kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe kimiminika, tena na tena mpaka spiriti ifike karibu asilimia 96 ya alkoholi. Hicho ndicho kiwango kinachotakiwa na sheria za Ulaya. Marekani wanataka 95. Ikifika hapo, karibu kila kitu kilichotoka kwenye mmea kimebaki nyuma. Baadaye huchujwa, mara nyingi kwa mkaa, na kuongezwa maji hadi asilimia 40, au 37.5 kwa zile za chini. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya chupa uliyolipia ni maji. Usikasirike, wiski na waragi ni hivyohivyo.

Hadi mwaka 2020 kanuni za Marekani zilitamka kwamba vodka lazima isiwe na harufu, ladha wala rangi ya kuitambulisha. Mwaka huo maneno hayo yakafutwa, maana watengenezaji na wanywaji walishajua siku nyingi kwamba zinatofautiana. Posho (ugali) nayo haina ladha ya kujisifia, lakini mpe mtu yeyote wa hapa posho ya unga uliokaa, atajua kabla hajamaliza tonge la pili. Vodka inahukumiwa vivyo hivyo: inavyopita mdomoni, inavyoteremka, na inachoacha kooni baada ya kumeza.

Hapo kwenye kooni ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kuchoma si ladha. Neva za mdomoni zina vipokezi vya joto, vilevile vinavyoshtuliwa na pilipili, na kwa kawaida huamka joto likikaribia nyuzi 42. Alkoholi huvishusha mpaka kama nyuzi 34. Sasa mwili wako una nyuzi 37. Unachokihisi kama moto ni joto lako mwenyewe! Vinywaji vyote vya asilimia 40 vinafanya hivyo, ila wiski ina moshi na vanila za kukushughulisha, waragi ina viungo vyake. Vodka haina pa kujificha. Ndiyo maana ile iliyokenekwa ovyo inakereketa na kukuachia uchungu nyuma ya ulimi, na iliyo safi inateremka kwa utulivu ingawa nguvu zao ni sawa.

Malighafi nayo huacha alama, kwa mbali. Vodka za ngano, kama Absolut ya Sweden au Grey Goose ya Ufaransa, huwa laini zenye utamu kidogo. Za nafaka ya rai, na Belvedere ya Poland ndiyo mfano unaojulikana, ni kavu zaidi, mwishoni unahisi kitu cha pilipili manga. Za viazi ni nzito mdomoni, zinateleza. Tito's ya Marekani ni ya mahindi, Cîroc ni ya zabibu. Molasi ya miwa pia hutoa spiriti safi, na sisi watu wa mashariki hatuhitaji kwenda mbali kuona, kiwanda cha sukari cha Kakira kina mtambo wake wa kuikeneka. Wengine huongeza sukari kidogo ili makali yapungue. Sheria ya Marekani inaruhusu hadi gramu mbili kwa lita. Ukionja vodka yenye ulaini unaokaa midomoni hata baada ya kumeza, shuku sukari kabla hujausifu ustadi.

Na tuseme wazi hata kama tunajiharibia biashara: kununua vodka ya bei ya juu ukaifunike kwa Mirinda ni kutupa pesa. Tofauti tulizotaja hapo juu zinasikika ikiwa tupu, au na barafu, au na soda isiyo na sukari. Ndani ya soda ya machungwa hazisikiki, hata sisi wenyewe hatuzitambui.

Sasa waragi, maana hapa ndipo mabishano yenyewe yalipo. Uganda Waragi ya kiwandani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, ni ya ukoo wa jini (pombe ya gin). Jini huanza kama vodka, yaani spiriti isiyo na mambo mengi, kisha hupewa harufu ya tunda la mreteni na viungo vingine: maganda ya limau, mbegu za giligilani na kadhalika. Mreteni ndio unaoleta ile harufu ya utomvu wa msonobari, na uchungu kidogo unaokaa vizuri na tonik. Kwa hiyo anayesema waragi ina ladha kuliko vodka amesema kweli, imewekewa ladha kwa makusudi. Asichopaswa kusema ni kwamba waragi ni kali zaidi. Soma namba kwenye lebo.

Kuna jaribio dogo tunalowaonyesha wateja kaunta. Tia matone mawili kwenye kiganja, sugua viganja vyote viwili, subiri kidogo mpaka ile baridi ya alkoholi iondoke, kisha nusa. Waragi itakuachia mreteni na limau. Vodka nzuri itakuachia karibu hakuna, labda harufu hafifu ya nafaka. Ukibaki na harufu tamu ya peremende, uliyonayo ni spiriti iliyotiwa rangi na manukato, iitwe vodka, jini au wiski. Wapo wateja waliolifanya jaribio hili wakabadilisha chaguo lao papo hapo, wengine wakiacha chupa ya bei ghali na kuchukua ya bei nafuu.

Enguli ya kijijini, ile wengine wanaiita kasese au lira lira, ni habari tofauti. Inakenekwa kwa pipa na bomba, mara moja au mbili, kwa hiyo ndizi au muhogo bado umo ndani, pamoja na zile alkoholi nzito zinazoleta harufu ya rangi ya ukutani na kichwa cha asubuhi. Mzee aliyezoea enguli ya ndizi akionja vodka husema imekufa. Tunamwelewa, kwa ladha tupu enguli inaishinda vodka kwa mbali. Hatuiuzi hata hivyo. Tangu 1965 sheria inataka leseni kwa anayeikeneka, na kuna hatari ambayo ulimi hauwezi kuikamata: methanoli. Haina ladha ya kukuonya, inafanana sana na alkoholi ya kawaida. Mwaka 2010 wilayani Kabale waragi yenye methanoli iliua makumi ya watu. Wanaojisifu kwamba wanajua kuonja sumu wanajidanganya.

Wiski, brandi, rumu na tekila tunazipitia haraka kwa sababu tofauti yake na vodka mara nyingi inaonekana kwa macho kabla ya kuonjwa. Wiski ya Scotland lazima ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka mitatu. Bourbon, wiski ya Marekani, huwekwa kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani, na huko ndiko vanila na karameli zinakotoka. Konyaki, brandi ya Ufaransa, ni divai ya zabibu iliyokenekwa kisha ikatunzwa kwenye pipa, kwa hiyo tunda bado linasikika. Rumu hutokana na molasi au maji ya miwa lakini, tofauti na vodka ya molasi, hukenekwa kwa namna ya kuacha utamu wa muwa ubaki. Tekila hutoka kwenye agave ya buluu, ndugu wa mkonge, na ina ule umajani usiofanana na chochote. Onyo moja tu: rangi ya kahawia si ushahidi wa pipa. Baadhi ya chupa za bei rahisi sokoni ni spiriti tupu iliyotiwa karameli. Rudi kwenye jaribio la kiganja.

Bia je? Watu huilinganisha na vodka kwa ladha, sisi tungependa mlinganishe kwa hesabu. Nile Special ya nusu lita ina asilimia 5.6, yaani mililita 28 za alkoholi halisi. Kichupa cha vodka cha mililita 200, asilimia 40, kina mililita 80. Hizo ni karibu Nile tatu ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Bia ina uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa wakati wa kuipika), ina povu, inajaza tumbo. Malwa, pombe ya kienyeji, ina uchachu wa ulezi, ina joto, na mtu wa Teso akikaa kwenye chungu na mrija wake anaweza kuimaliza jioni nzima akipiga soga. Vinywaji hivyo vinakuambia polepole umefika wapi. Vodka iliyochanganywa na juisi ya pasheni haikuambii kitu, ndiyo hasara kubwa ya kutokuwa na ladha. Toti yetu ni mililita 30, na kichupa kile ni karibu toti saba. Anayehesabu vichupa badala ya toti huamka hajui alifikaje nyumbani.

Lakini kutokuwa na ladha kuna faida yake, na ndiyo sababu tunaendelea kuiuza. Juisi ya pasheni au nanasi ya kukamua nyumbani ikichanganywa na waragi, mreteni unagombana na tunda. Ikichanganywa na wiski, pipa linalifunika kabisa. Vodka inaliacha tunda liongee. Kwa Stoney ya tangawizi tunapendekeza vodka au waragi, zote zinakwenda, ongeza ndimu. Kwa tonik na Krest ya ndimu, waragi inashinda, usibishe. Na kwa chakula, jaribu vodka baridi sana, tupu, pamoja na ngege (samaki aina ya tilapia) aliyekaangwa na kachumbari yenye pilipili. Inakata mafuta mdomoni bila kumsumbua samaki, kitu ambacho wiski haiwezi.

Baridi yenyewe ina maana. Vodka ya asilimia 40 huganda karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani hufika kama 18 tu. Iweke humo usiku kucha: itatoka nzito, ikimiminika taratibu, na makali yamepungua. Ikiwa imegeuka barafu, ina maji mengi kuliko lebo inavyodai. Usichukue jaribio hili kama kinga ya methanoli, haliwezi kuionyesha. Na usiipeleke friza vodka unayotaka kuifahamu, kwa kuwa baridi inaficha mabaya na mazuri pamoja. Ionje kwanza ikiwa na joto la chumba, na tone la maji. Wauzaji wengi hawatakuambia hivyo.

Kuhusu chupa feki: tazama stempu ya kodi ya kidijitali juu ya kifuniko na uikague kwa programu ya Kakasa ya URA (mamlaka ya mapato) kwenye simu yako, tazama alama ya UNBS (shirika la viwango), tazama kama kifuniko kinazunguka ovyo kabla hakijafunguliwa. Pombe kali ndani ya vikaratasi vya plastiki ilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, na chini ya mililita 200 hairuhusiwi. Ukiuziwa kikaratasi leo popote pale, hujui kimetoka wapi na aliyekuuzia hatakuambia.

Kila Ijumaa jioni tunafungua chupa chache kaunta kwa walio na miaka 18 na kuendelea: vodka mbili za malighafi tofauti, waragi moja, wiski moja, kila moja kiasi cha kulowesha ulimi, na maji ya kusuuza katikati. Tunaanza na vodka kila mara, kwani ukianza na wiski hutaisikia vodka tena. Hakuna lazima ya kununua. Wenye shughuli ya kwanjula (utambulisho wa kimila kabla ya ndoa) au harusi, njooni na idadi ya wageni wenu, tuwapigie hesabu ya chupa na soda za kuchanganyia. Zitakazobaki zimefungwa, stempu haijaguswa, tunazipokea na kurudisha pesa. Madereva wa malori mnaosubiri kuvuka mpaka, karibuni kama kawaida, lakini mwenye safari usiku huo hatumpi toti ya kuonja hata akibembeleza. Atachukua chupa iliyofungwa, aende nayo mpaka atakapolaza gari.