Malalamiko kuhusu uchaguzi wa mechi za mubashara na uchambuzi wa studioni

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi vya Michezo,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha michezo kwa mwaka wa sita sasa, na katika muda huo wote sijawahi kuchelewesha malipo wala kuwaandikia barua. Leo naandika kwa sababu ya mambo mawili ambayo kwangu ni jambo moja: namna mnavyochagua mechi za kuonyesha mubashara, na namna wachambuzi wenu wanavyoutetea uchaguzi huo kwa kuzungumzia timu zilezile hata pale ambapo mchezo wenyewe umehamia uwanja mwingine.

Nianze na siku ya mwisho ya ligi msimu uliopita. Raundi hiyo, kama mnavyojua kuliko mimi, huchezwa kwa wakati mmoja katika viwanja vyote. Bingwa alikuwa amekwishapatikana raundi mbili nyuma, ilhali timu tatu zilikuwa bado zinapigania kutoshuka daraja, na hatima ya kila moja ilitegemea pia matokeo ya nyingine mbili. Tangazo lenu la mwanzo wa msimu lilisema kwamba mna haki za mechi zote za ligi. Chaneli yenu ya kwanza ilimwonyesha bingwa akicheza na timu ya katikati ya msimamo isiyokuwa na cha kupata wala cha kupoteza, huku nusu ya kikosi chake kikiwa ni wachezaji wa akiba. Chaneli ya pili ilikuwa na marudio ya mechi ya wiki iliyotangulia. Ya tatu ilikuwa na wachambuzi wanne waliokaa mezani wakijadili ni mshambuliaji gani atasajiliwa na bingwa huyohuyo msimu ujao.

Habari za timu zilizokuwa zikishuka zilitufikia kwa maandishi yanayopita chini ya skrini. Hatimaye niliinyamazisha televisheni nikafungua redio, na hapo ndipo nilipoanza kuiona mechi, kwa maana mtangazaji wa redio hana budi kusema mpira uko wapi, uko kwa nani na unaelekea wapi. Dakika tano kabla ya filimbi ya mwisho alipaza sauti kutangaza bao lililobadilisha mambo yote pale chini ya msimamo. Kwenye skrini yangu, iliyolipiwa, bingwa alikuwa akibadilisha mchezaji ili mashabiki wampigie makofi.

Naomba tukumbushane kwa nini mechi za namna hiyo huchezwa kwa wakati mmoja, kwa kuwa naona ofisi yenu inauchukulia utaratibu huo kama usumbufu wa ratiba. Tarehe 25 Juni 1982, huko Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1–0 katika mechi ya mwisho ya kundi lao la Kombe la Dunia. Algeria, iliyokuwa imeishinda Ujerumani Magharibi 2–1 na ambayo ilikuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla, ikatolewa, kwa sababu timu zote mbili ziliingia uwanjani zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha zote mbili. Baada ya bao la mapema, mchezo ukafa mbele ya macho ya ulimwengu. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa sambamba ili asiwepo anayejua mapema anachohitaji. Kwa hiyo hizo ni kama mechi moja inayochezwa katika viwanja viwili, na anayetuonyesha uwanja mmoja tu anatuonyesha nusu yake.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa tarehe 28 Juni 2018, katika Kombe la Dunia nchini Urusi. Senegal ilikuwa ikicheza na Colombia mjini Samara, na Japani ilikuwa ikicheza na Poland mjini Volgograd. Poland iliongoza 1–0, kisha Colombia nayo ikapata bao, na kuanzia hapo Senegal na Japani zikawa sawa kwa pointi, kwa tofauti ya mabao, kwa mabao ya kufunga, na hata kwa mechi waliyokutana, ambayo ilikuwa imeisha 2–2. Kilichobaki kuzitenganisha kilikuwa kadi za njano, mwenye chache akivuka: Senegal sita, Japani nne. Wajapani walimaliza mechi wakipasiana mpira nyuma, polepole, ilhali wamefungwa. Mtu aliyekuwa akitazama Volgograd peke yake angedhani wamepagawa. Aliyejua yanayotokea Samara alielewa kwamba wanacheza kamari ya kuamini kuwa Senegal haitasawazisha. Nauliza kwa heshima: kama mechi hizo zingekuwa mikononi mwenu, mngetuonyesha uwanja upi, na mchambuzi yupi kati ya hao wanne mezani angetueleza habari ya kadi?

Miaka minne baadaye, tarehe 1 Desemba 2022, katika Kombe la Dunia lililofuata, ilitokea tena. Japani iliongoza 2–1 dhidi ya Hispania, na dakika ya 70 Costa Rica nayo ikaongoza 2–1 dhidi ya Ujerumani. Kwa takribani dakika tatu, hadi Kai Havertz wa Ujerumani aliposawazisha, mabingwa wawili wa zamani wa dunia walikuwa nje ya mashindano kwa pamoja. Dakika tatu hizo hazikuweza kuonekana katika uwanja mmoja. Zilionekana na yule ambaye kituo chake kilikuwa kikihama kutoka picha hii kwenda ile.

Utangazaji wa kuhamahama hivyo si jambo geni. Ujerumani wanao tangu zamani, ulianzia redioni ukaingia televisheni, na wao huuita Konferenz. Tarehe 29 Januari 2025, Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ilichezesha mechi 18 kwa wakati mmoja katika raundi ya mwisho ya mfumo wake mpya wa timu 36, nanyi mkaonyesha mechi mbili kati ya hizo, zote za klabu ambazo huwa mnazionyesha kila wiki. Mnazo chaneli tatu. Mnacho chumba cha kuongozea matangazo na watu wanaojua kubonyeza vitufe. Kilichokosekana ni uamuzi wa mtu mmoja.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja niliambiwa, kwa adabu, na naishukuru adabu hiyo, kwamba mechi huchaguliwa kulingana na matakwa ya watazamaji walio wengi. Sipingi kwamba klabu kubwa zina wafuasi wengi. Lakini hoja hiyo inajizungusha yenyewe kama mbwa anayeufukuza mkia wake: mnaonyesha timu tano kwa sababu zinatazamwa, nazo zinatazamwa kwa sababu ndizo mnazozionyesha. Siku ya mwisho ya ligi hakuna mtazamaji aliyeulizwa kama anapendelea marudio ya wiki iliyopita kuliko mechi ya kushuka daraja inayochezwa dakika hiyohiyo. Tena, tofauti na kituo chenye chaneli moja kinacholazimika kuchagua, ninyi hamkulazimika kumnyima mtu yeyote bingwa wake ili kutupa sisi wengine kile tulichokitaka.

Hapa ndipo wachambuzi wanapoingia. Mchambuzi hupewa kiti ili atuonyeshe kile ambacho macho yetu yamekikosa. Wa kwenu, kwa sehemu kubwa, hutueleza kwa nini timu tuliyoonyeshwa ndiyo iliyostahili kuonyeshwa. Mapumziko kisheria hayazidi dakika 15. Mkitoa matangazo ya biashara hubaki kama saba hivi, na hizo saba nimezihesabu kwa saa mara kadhaa zikiishia katika mabishano ya nani ni mkubwa kuliko nani kihistoria, bila hata picha moja kusimamishwa ili tuone beki alikuwa amesimama wapi bao lilipoingia. Mara mbili msimu huu mmerudi uwanjani kipindi cha pili kikiwa kimeanza. Mara moja kati ya hizo bao lilikuwa limekwishafungwa.

Kutojua sheria kunaniudhi zaidi ya maneno mengi. Katika mechi ya mchana, wiki chache zilizopita, bao lilipatikana kutokana na mpira wa kurusha uliomfikia mshambuliaji moja kwa moja akiwa nyuma ya mabeki wote. Mchambuzi wenu, ambaye amecheza soka kwa miaka mingi na ninamheshimu kwa hilo, alisema mara tatu kwamba ni kuotea dhahiri na kwamba mwamuzi na wasaidizi wake wamelala. Sheria ya 11 ya soka inasema hakuna kosa la kuotea mchezaji akipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, mpira wa kona au mpira wa goli. Mwenzake wa kulia alitikisa kichwa kukubali. Mwendesha kipindi akapita kwenda kwenye maoni ya watazamaji, ambayo kwa wakati huo, bila shaka, yalikuwa yakimtukana mwamuzi aliyekuwa sahihi.

Mchambuzi huyohuyo, mlipokumbushia bao la pili la Japani dhidi ya Hispania lile la 2022, alisisitiza kwamba mpira ulikuwa umetoka kabla Kaoru Mitoma hajaupiga kuurudisha ndani. Alionyesha picha iliyopigwa kutoka pembeni, ambayo kwayo nyasi huonekana kati ya mpira na mstari. Mpira ni wa mviringo. Sehemu yake inayogusa ardhi inaweza kuwa nje huku tumbo lake likiwa bado juu ya mstari, na sheria inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote. Mtoto aliyewekewa chungwa kwenye ukingo wa meza na kuambiwa alitazame kutoka juu angelielewa hilo kwa nusu dakika. Studio yenu ina meza kubwa, na ilikuwa na dakika saba.

Sisemi kwamba wachezaji wa zamani wasipewe kazi hiyo. Yupo mmoja kwenu, kiungo wa zamani, ambaye kila akipewa nafasi huichora mistari ya timu ikisogea na kutueleza kwa nini kocha amemwingiza mtu fulani dakika ya 60. Lakini mnampa nafasi hiyo siku za katikati ya wiki, usiku, wakati ambapo wengi wamelala. Anayepiga kelele ndiye anayepewa mechi kubwa. Naamini mnajua hivyo, na kwamba mmeamua hivyo.

Uchaguzi wa mechi na uchambuzi hulishana namna hii pia: mkishaamua mapema nani ana maana, wachambuzi nao huwazika wengine kabla hawajafa. Tarehe 22 Januari 2024 wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Côte d'Ivoire, walifungwa 4–0 na Guinea ya Ikweta. Studioni kwenu mazishi yalifanyika usiku uleule. Wenyeji hao wakaachana na kocha Jean-Louis Gasset hatua ya makundi ikiwa haijaisha, na uhai wao ukaamuliwa tarehe 24 katika mechi ambayo hawakucheza, pale Morocco ilipoishinda Zambia 1–0. Wakapenya miongoni mwa timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, na chini ya kocha mpya, Emerse Faé, wakaitoa Senegal kwa penalti, wakaitoa Mali wakiwa pungufu, wakaishinda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tarehe 11 Februari wakatwaa kombe kwa kuifunga Nigeria 2–1. Sikumsikia hata mmoja wa waliozika akirudi kaburini. Walisema tu kwamba soka ni mchezo wa ajabu.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe moja baada ya jingine. Kwanza, mtangaze hadharani, walau wiki mbili kabla, mechi mtakazoonyesha na kigezo mlichotumia, ili mteja alipe akijua anacholipia. Kwa siku ambazo mechi huchezwa sambamba, chaneli zote tatu zionyeshe mechi zinazochezwa wakati huo, na mojawapo iwe ya kuhamahama kati ya viwanja. Marudio yasubiri hadi usiku. Mezani awepo mwamuzi mstaafu, au yeyote mwingine aliyeisoma sheria, mwenye ruhusa ya kumkatiza mchambuzi anapopotosha, na kosa likitokea lisahihishwe kabla kipindi hakijaisha. Kuhusu siku ya mwisho ya ligi, tangazo lenu liliahidi mechi zote na nilipata moja, kwa hiyo naomba kifurushi changu kiongezwe mwezi mmoja bila malipo, au tangazo hilo liondolewe na maneno yake yarekebishwe. Mkinipa yote mawili sitakataa.

Malipo yangu yanaisha mwishoni mwa mwezi ujao. Nitasubiri jibu la maandishi hadi siku hiyo, lenye jina na cheo cha aliyeliandika, wala si ule ujumbe wa simu unaonishukuru kwa kuwasiliana nanyi na kuniuliza niwape nyota ngapi.

Wako,
Mteja wa kifurushi cha michezo.