Sufuria moja ya wote

Magomeni, Dar es Salaam

Mpendwa Mwanahawa,

Habari za Morogoro, mwenzangu? Sisi huku hatujambo. Uliposema kwamba tangu uache nyama, mayai na maziwa unapika sufuria mbili kila jioni, yako na ya baba watoto na wanao, roho iliniuma. Mimi nilianza hivyohivyo. Mkaa uliniishia kabla ya mwezi kufika katikati, na nusura nikate tamaa.

Kilichonisaidia ni kukumbuka tulivyolelewa. Asubuhi kwa bibi pale Temeke tulikuwa tunakula nini? Mbaazi za nazi, maandazi ya tui na chai ya rangi yenye mdalasini. Hakuna aliyeona anajinyima. Basi maziwa ya soya ya boksi nikaachana nayo, nikarudi kwenye mbaazi.

Sasa napika sufuria moja ya wote, na chochote kilichotoka kwa mnyama kinakaa pembeni. Mama mkwe hawezi kula matembele bila dagaa, na simlaumu. Namkaangia kando, anajiwekea mwenyewe kwenye sahani. Zamani nilizitia mulemule sufuriani, ndiyo maana nikalazimika kujipikia tena. Mboga ya wote naiungia karanga za kusaga, na mume wangu siku hizi anasubiri Jumapili ndiyo apite buchani. Watoto siwakatazi kitu.

Kinachomaliza hela ni mkaa kuliko bei ya maharage. Kwa hiyo loweka. Kunde, choroko na mbaazi nazinunua soko la Tandale mwanzo wa mwezi, kilo kadhaa kwa mkupuo, na kila usiku kabla ya kulala naloweka za kesho. Mbaazi zikilala majini, asubuhi yamwage yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka ukibonyeza punje moja kwa vidole inapondeka. Hapo ndipo utie chumvi, kitunguu, manjano na tui la pili, uache likaukie. Tui la kwanza litie mwisho, moto ukiwa mdogo, na usiondoke jikoni: koroga taratibu mpaka lianze kutokota. Ukilisusa linakatika, na nazi ilivyopanda bei utalia.

Ugali wangu ni wa dona. Mboga za majani nazikamulia ndimu mezani, maana ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde. Chai nayo naiacha ikae mbali na mlo, kwa sababu inayazuia.

Jambo moja nakusihi, Mwanahawa, usilipuuze: vitamini B12. Mchicha hauna, maharage hayana, hata ule kilo ngapi. Upungufu wake huja polepole, ukaleta uchovu na ganzi ya miguu na mikono. Nenda duka la dawa, mwulize mfamasia vidonge vya B12 na namna ya kuvitumia. Punguza kingine chochote kwenye bajeti, hicho hapana.

Jumamosi nitampa shemeji yako mfuko wa choroko akuletee, anapita huko akienda Dodoma. Zipike, halafu uniandikie zimeivaje, na kama tui lilikatika unieleze ulilitia saa ngapi.

Wasalimie watoto.

Wako akupendaye,
Zuhura