Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mwanza: Kuskani ni bei ya mwaka wa kwanza tu

Kwa Katibu Tawala,
Mkoa wa Mwanza.

YAH: MAKADIRIO YA GHARAMA ZA KUTUNZA KUMBUKUMBU ZA KIDIJITALI KATIKA OFISI ZA MKOA NA HALMASHAURI

Ndugu Katibu Tawala, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimefanya kazi ya masjala kwa miaka 31, sehemu kubwa hapa hapa Kanda ya Ziwa, na sasa nimestaafu, ninaishi Kirumba. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wakurugenzi wa halmashauri zote nane, waweka hazina wao, maofisa TEHAMA, na mwananchi anayekuja dirishani kuulizia barua yake ya toleo ya kiwanja. Ombi langu ni moja: andiko lolote la mradi wa kuhamishia majalada kwenye kompyuta lisipitishwe mpaka liwe na makadirio ya gharama za kuyatunza mafaili hayo kwa miaka isiyopungua kumi, na fedha hizo zionekane kwenye Matumizi Mengineyo ya kila mwaka, yaani kifungu cha bajeti cha kuendeshea ofisi, si kwenye fedha za mradi.

Niseme nililoliona. Ofisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja, iliskani majalada yake ya viwanja kwa fedha za mradi. Kazi ilikwenda vizuri, ikazinduliwa, picha zikapigwa. Mafaili yaliandikwa kwenye CD, CD zikapangwa ndani ya katoni mbili za karatasi za A4, na katoni zikawekwa juu ya kabati. Miaka tisa baadaye alikuja mama mmoja mjane kutoka Buhongwa, ameshika stakabadhi iliyofifia, akitafuta barua ya toleo ya marehemu mumewe. Tukashusha katoni. Kompyuta ya ofisi haikuwa na mahali pa kuingizia CD, tukaazima ya zamani kwa mhasibu. CD ya kwanza ilizunguka, ikakwaruza, ikakataa. Ya pili utando wake ulikuwa umebanduka pembeni kama ganda la kitunguu. Ya saba ilifunguka, lakini mafaili yake yalikuwa yamepewa majina ya namba tupu, 000413, 000414, na faharasa ya kusema namba ipi ni kiwanja kipi ilikuwa ndani ya programu ya mkandarasi, ambayo haifunguki bila kifaa kidogo cha kuchomeka ambacho hakuna aliyejua kiko wapi. Majalada ya karatasi yalikuwa yameshahamishiwa stoo, na mchwa waliyafikia kabla yetu. Yule mama aliuliza kwa upole tu: “Sasa baba, si mlisema yako kwenye kompyuta?”

Hakuna aliyeiba. Nilipewa mkataba ule nikausoma: ulikuwa na mstari wa kuskani, mstari wa mashine, mstari wa mafunzo na mstari wa posho. Mstari wa mwaka wa pili haukuwepo.

Naomba sasa tuhesabu pamoja, kwa mfano wa masjala ya kati yenye majalada 8,000, kila moja kwa wastani lina kurasa 50. Hizo ni kurasa 400,000. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, unachukua takriban megabaiti 26, kwa hiyo masjala nzima inafika terabaiti 10 na kidogo (terabaiti moja ni megabaiti milioni moja). Na kwa kuwa nakala moja si hifadhi, tukiweka nakala tatu tunakaribia terabaiti 31. Ukurasa huohuo ukiskaniwa kwa weusi na kijivu unachukua theluthi moja ya nafasi hiyo. Uamuzi huo, ambao mara nyingi huachiwa kijana anayebonyeza mashine siku ya kwanza, ndio unaoamua ukubwa wa ankara ya diski kwa miaka yote ijayo. Sisemi kila kitu kiwe kijivu, maana kuna majalada yenye mihuri ya bluu na nyekundu, na saini za wino ambazo siku moja mtu atataka kujua kama ni za kalamu au ni za fotokopi. Ninasema uamuzi ufanywe na mkuu wa masjala, jalada kwa aina yake, kabla ya zabuni kutangazwa.

Hata hivyo diski ndiyo sehemu rahisi. Fedha huliwa na kazi ya mikono. Mtumishi anayetoa pini, kunyoosha kona zilizokunjika, kuskani, kukagua na kurudisha jalada kama lilivyokuwa, tukimkadiria kurasa 600 kwa siku, atahitaji siku 667 za kazi, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu akiwa peke yake. Kuandika taarifa za kila jalada, yaani jina, namba, kata, tarehe ya kwanza na ya mwisho, kwa dakika kumi tu kila moja, kunataka siku nyingine 167 za saa nane. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoachwa ndani ya programu ya mkandarasi peke yake kwenye mradi wa katoni mbili, na ndiyo iliyomkosesha mama wa Buhongwa barua yake. Jambo hili si letu peke yetu: utafiti wa Neil Beagrie na wenzake kuhusu data za vyuo vikuu vya Uingereza, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kupokea data na kuziandaa, na baadaye kuwawezesha watu kuzitumia, hugharimu zaidi kuliko kuzilaza kwenye hifadhi.

Kisha inakuja miaka ile ambayo haina uzinduzi. Diski hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, iwe imeharibika au haijaharibika. Betri za UPS, kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme unapokatika, huchoka. Mafaili yanatakiwa kukaguliwa mara kwa mara kwa ile namba ya uthibitisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ambayo hubadilika hata kama ni herufi moja tu iliyoharibika ndani yake. Kompyuta inaikokotoa yenyewe, lakini lazima awepo mtu aliyepangiwa kusoma majibu. Muundo wa faili ukipitwa na wakati, mafaili yahamishiwe muundo mpya. Nakala moja ikae mbali na Mwanza. Na kwa sisi wa kando ya ziwa ongeza unyevu, vumbi, na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wakifuata taa. Nimewahi kuona feni ya seva imejaa wadudu hao mpaka ikanyamaza.

Wapo watakaokuambia kwamba bei ya diski hushuka kila mwaka, hivyo gharama itajipunguza yenyewe. Ni kweli imeshuka sana kwa miaka mingi, lakini mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalisimamisha viwanda na bei ikapanda duniani kote, na sisi hununua kwa shilingi bidhaa inayopangiwa bei kwa dola. Mimi ningekadiria kana kwamba bei haitashuka kabisa. Ikishuka, bakaa ipo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye vifungu. Fedha za maendeleo huja, hununua mashine, na huisha. Mhisani naye hupenda kitu kinachoweza kupigwa picha, na simlaumu. Mwaka wa nane hauna mhisani. Sisi wa Mwanza tulimwona MV Victoria akisimama mwaka 2014 na kurudi majini mwaka 2020, baada ya matengenezo makubwa. Meli ikikosa fedha kwa miaka sita hushika kutu, lakini husubiri. Faili lililoachwa miaka sita kwenye diski isiyoguswa halina subira hiyo, wala hakuna chelezo, kama kile cha kutengenezea meli, la kulipandisha. Kwa sababu hiyo hifadhi ya kidijitali iwe na mstari wake ndani ya Matumizi Mengineyo, jirani na umeme na maji, na mstari huo usiwe wa kwanza kukatwa ukomo wa bajeti unaposhuka. Ukikatwa mwaka mmoja hakuna atakayelalamika, na ubaya wake uko hapohapo.

Njia ya kupunguza gharama ipo, na haianzii kwenye kompyuta. Inaanzia kwenye uteketezaji. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ya Kumbukumbu na Nyaraka ipo, na masjala zetu zimejaa maombi ya likizo na nakala za nakala zilizomaliza muda wake. Kila karatasi iliyoteketezwa kwa utaratibu kabla ya kuskani haidai diski wala mkaguzi mwaka huu, wala mwaka ujao. Kwa zinazobaki, swali langu huwa ni hili: je, taarifa hii inaweza kupatikana tena ikipotea? Vipimo vya samaki wa Ghuba ya Mwanza vilivyochukuliwa miaka ya 1970, kabla sangara hajatawala na furu hawajapungua, hakuna fedha itakayoweza kuvipima upya. Barua ya toleo ni vivyo hivyo. Ratiba ya vikao ya mwaka juzi si vivyo hivyo, na haistahili nakala tatu za rangi.

Sioni pia sababu ya halmashauri nane kununua seva nane, kila moja na chumba chake cha baridi na kijana mmoja anayeitazama kwa muda wa ziada. Ukerewe na Buchosa zitapata wapi mtu wa kubaki na kazi hiyo kwa miaka kumi? Hifadhi moja ya pamoja, kila halmashauri ikichangia kulingana na kurasa zake na kubaki mmiliki wa mafaili yake, ingepunguza kazi inayorudiwa. Ugumu wake ninaujua: nani atasaini, nani atalaumiwa, na halmashauri isiyochangia kwa wakati ifanywe nini. Hayo ni ya ofisi yako kuyaamua, na ndiyo maana barua hii imekuja kwako.

Jambo la mwisho ni dogo. Mikataba itamke kwamba faharasa ikabidhiwe pamoja na mafaili, katika muundo unaofunguka bila programu ya mkandarasi, na malipo ya mwisho yasubiri mtumishi wa masjala atafute majalada ishirini kwa majina, mbele ya mashahidi, na kuyapata.

Karatasi yangu ya mahesabu ninayo, imeandikwa kwa mkono na kwenye kompyuta pia, katika nakala tatu. Ukinihitaji nitakuja ofisini siku yoyote ya kazi; kutoka Kirumba si mbali, na nauli ni yangu.

Naomba kuwasilisha.

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Kirumba, Mwanza.