Kwa maintern wa zamu ya usiku: acheni kuandika "mlevi"

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, ila leo sijaja kwa salamu.

Jumanne alfajiri nilimsindikiza jirani yangu hospitali, mtoto wake kabanwa kifua, nikapita pale koridoni kwenu nikakuta kijana kalala kwenye machela, suruali imelowa, jasho linamtiririka kama katoka kuoga, ananuka gongo. Nikauliza huyu ana nini, nikajibiwa "mlevi tu huyo mama, kaletwa saa saba, tumemwacha pombe imtoke". Saa saba mpaka saa kumi na moja! Faili lina neno moja tu, mlevi. Presha hakuna, sukari hakuna, na hakuna aliyemfunua hata jicho. Nikamwomba nesi kile kimashine cha sukari, tone la damu kidoleni, haikufika hata dakika: 1.4. Chini ya 3 tu inatakiwa mtu aanze kukimbia, huyu yuko 1.4 na mmempita masaa manne mkienda na kurudi. Kasukumiwa dextrose, yaani maji ya sukari, mshipani, dakika chache kafumbua macho anauliza mama yake yuko wapi.

Hivi darasani mlifundishwa nini? Pombe yenyewe inashusha sukari, ini likihangaika na pombe linashindwa kutengeneza sukari mpya, na mnywaji wetu huyu mara nyingi hajatia kitu tumboni tangu mchana. Kwa hiyo anayenuka pombe ndo wa kwanza kupimwa. Na mlevi ndo huyohuyo anayedondoka na boda bila kofia ngumu. Damu ikivujia kati ya fuvu na utando wa ubongo mtu anaweza akaongea vizuri kabisa, akakutania, akaomba maji, halafu anasinzia, anaanza kukoroma, nyie mnasema kalala, ukija kumulika macho mboni moja imeshatanuka.

Hili silisemi kwa kusoma. Mwaka 1997 nilikuwa kijana kama nyie, enzi hizo tunaita kasualti, idara kamili ya dharura ile ya Muhimbili imekuja kufunguliwa 2010, basi nikaletewa baba mmoja kaanguka na baiskeli, ananuka pombe ya kienyeji, anatukana kila mtu. Niliandika neno hilohilo. Nikaenda kwa mama mwingine aliyekuwa anavuja damu baada ya kujifungua, nikasahau kurudi. Alfajiri nikamkuta kashapoa. Mkewe alikuwa nje kwenye benchi, kashika chupa ya chai ndani kaweka uji, anasubiri nimwambie amnyweshe saa ngapi. Hakunilaumu. Alisema "asante dokta". Asante ile naisikia mpaka leo, wanangu.

Najua mmechoka. Machela sita wagonjwa kumi na tano, oksijeni inagombaniwa, ndugu wanafoka, posho haijaingia, mkate mnakula mmesimama. Nawapenda ndo maana nasema kwa ukali. Na wa kulaumiwa sio nyie peke yenu, sisi huku mtaani mtu akigongwa tunatoa simu turekodi, wengine wanampekua mifuko, wenye huruma wanamkunja kwenye bajaji shingo inaning'inia, akifika getini anaulizwa PF3 iko wapi! Fomu ya polisi itafuata, anayevuja damu anatibiwa kwanza, na mtu yeyote akiwazuia mwambieni hivyo bila kuogopa. Mjamzito sa hivi tunampigia 115 ya m-mama anafuatwa, jambo jema sana, ila aliyebanwa na lori usiku anategemea huruma ya dereva wa bajaji. Tumelizoea hili, na kulizoea ni aibu.

Mengine nayataja tu. Njia ya hewa kwanza, halafu kupumua, halafu damu, hata kama kuna mguu umevunjika unatisha macho. Tranexamic acid, ile dawa ya kupunguza kuvuja damu, kwa majeruhi anayevuja damu ni ndani ya masaa matatu tangu aumie, mkichelewa haisaidii. Nesi mkongwe akisema "dokta huyu simwelewi", rudi ukamwangalie. Mgonjwa hapigwi picha ya status. Msiba unausema umekaa, na unasema "amefariki", maana ukisema "tumempoteza" kuna ndugu atakuuliza amepotelea wapi.

Sasa wale watatu mliokuwa zamu Jumanne. Yule kijana karuhusiwa Alhamisi. Mama yake kafika asubuhi ile amebeba kitenge cha kumsitiri mwanae, akakuta kashavalishwa, akatushukuru wote bila kujua yale masaa manne yalipita vipi. Namba yake ya simu iko kwenye faili. Mpigieni, muulize kijana anaendeleaje, mkiweza nendeni wenyewe, na mwambieni ukweli.