Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na Bessie Coleman

Ndugu wanachama, habari zenu. Niwe mkweli, mwaka huu vikao havikuwa vingi, mvua ilituharibia viwili na ada bado zinasuasua, mweka hazina atawasomea daftari mwenyewe. Mi nataka niongelee kitu kimoja tulichokifanya kwa moyo, kujifunza watu zamani walisomeaje urubani, na tukamchukua Bessie Coleman, rubani mweusi wa Marekani, awe mfano wetu.

Huyu dada kazaliwa Texas 1892, Chicago alikuwa anatengeneza watu kucha kwenye kinyozi. Akataka kurusha ndege, shule za Marekani zikamkatalia, mweusi halafu mwanamke, basi akajifunza Kifaransa, akadunduliza, Novemba 1920 huyo akapanda meli kwenda Ufaransa, shule ya ndugu wa Caudron pale Le Crotoy. Ndege ya kujifunzia Nieuport, mbao na kitambaa, haina usukani wa duara wala breki. Mwalimu ana fimbo yake ya kuongozea ndege na mwanafunzi ana yake, zinacheza pamoja, miguuni kuna mti wa kusukuma kulia kushoto, na ikishatua inasimama kwa gongo la mkiani linaloburuza chini. Mwanafunzi mwenzake alikufa kwa ajali yeye anaona, lakini hakurudi nyumbani. 15 Juni 1921 leseni mkononi.

Ile siku fundi seremala alipotuletea fimbo na ule mti wa miguu, tukavifunga kwenye kiti cha plastiki, watoto wakapanga foleni mpaka magharibi. Binti mmoja, wa darasa la sita, kila akikaa alikuwa anafumba macho kwanza ndo ashike fimbo, nikamuuliza mbona hivyo, akasema "nasikiliza injini." Mpaka leo nalikumbuka.

Coleman alitaka kufungua shule yake ili weusi wenzake wasihangaike kama yeye, akafariki 30 Aprili 1926 kwa ajali ya ndege kule Jacksonville kabla hajaifungua. Miaka mitatu baadaye, 1929, rubani mweusi mwenzake, William Powell, akaanzisha klabu ya urubani Los Angeles kwa jina la Bessie, watu wamekaa pamoja kama sisi hivi.

Ndo maana naomba ada za mwakani tutenge fungu la vijana, hata kidogo, lianze. Aliyebakiza ada alete kabla ya kikao cha Januari, na kile kiti kiko kwangu, anayetaka kumleta mwanae apite jioni yoyote.