Mwambie Mama Mdogo hakukosea

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima. Barua yako imenikaa rohoni, hasa pale uliposema Mama Mdogo halali, analia kwamba saratani ya titi kajiletea mwenyewe kwa kuvaa sidiria za kubana. Naomba umsomee haya, polepole.

Unajua kazi yangu ni kuwahoji wanawake kwa ajili ya utafiti wa saratani ya matiti. Nakaa na mama mmoja mmoja, dodoso mezani, namuuliza: ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi? Mtoto wa kwanza ulimpata lini? Ulinyonyesha miezi mingapi kwa jumla? Hedhi ilikoma lini? Juzi mmoja alihesabu miezi ya kunyonyesha kwa vidole, mtoto baada ya mtoto, halafu akafumba kiganja na kuniuliza, "Basi nilikosea wapi?" Nikaweka kalamu chini.

Maswali hayo ni ya zamani. Daktari Janet Lane-Claypon aliwauliza hapahapa Uingereza wagonjwa 500 na wanawake wengine 500 wasio na saratani, akalinganisha, na matokeo yakatoka mwaka 1926. Mengi aliyoyaona yangali yamesimama. Miaka mingi ya homoni ya estrojeni, tangu kuvunja ungo hadi hedhi kukoma, huchochea seli za titi zigawanyike, na kila zinapogawanyika hitilafu inaweza kuingia. Kunyonyesha hukinga: tafiti 47 kutoka nchi 30 zilipounganishwa mwaka 2002, kila miezi 12 ya kunyonyesha ilipunguza hatari kwa asilimia 4 hivi. Ni kinga ndogo, ila ni ya kweli. Lakini Mama, nani aliyewahi kujichagulia siku ya kuvunja ungo? Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana kihatarishi chochote kinachojulikana, isipokuwa kuwa mwanamke na kuongezeka umri. Sidiria imechunguzwa, haikukutwa na hatia.

Yapo ya kupunguza, sifichi. Pombe, hata kidogo. Unene baada ya hedhi kukoma, maana ovari zikinyamaza, mafuta ya mwili ndiyo yanayotengeneza estrojeni. Kutouchosha mwili kwa mazoezi. Hayo waambie wadogo zangu, ila Mama Mdogo asihukumiwe nayo.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Mama Mdogo kaugua akiwa na miaka 39, na Bibi tuliambiwa alikufa kwa "jipu la titi", ambalo huenda lilikuwa saratani. Saratani ya kurithi ni asilimia 5 hadi 10 tu ya wagonjwa wote, lakini umri mdogo na ndugu wa damu wawili ni sababu ya kuuliza. Jeni zinazotajwa zaidi ni BRCA1 na BRCA2, na zikiharibika baba naye anaweza kuzirithisha, kwa hiyo upande wa Baba usiachwe. Mwenye jeni hizo zilizoharibika huanza kupimwa titi mapema, na wapo wanaopewa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni kwenye titi, au kufanyiwa upasuaji kabla ugonjwa haujaingia.

Naomba Mama Mdogo amuulize daktari wake kuhusu kipimo cha jeni hizo. Na dada, ule uvimbe aliokutajia, asisubiri umuume. Vimbe nyingi si saratani, lakini hilo huliamua kipimo. Aende wiki hii.

Niandikie Bibi alikuwa na umri gani alipougua, hata kwa kukisia, na kama kuna shangazi au mama mkubwa aliyewahi kuugua titi au ovari.

Mwanao akupendaye