Barafu ya Kibo haipungui kwa kuyeyuka pekee

Ndugu Mhariri,

Mara kwa mara magazeti yetu huandika kwamba barafu ya Mlima Kilimanjaro inayeyuka. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Moshi, na neno hilo hunirudisha nyuma kila ninapowafundisha wanafunzi hali za maada, kwa sababu linaeleza nusu tu ya jambo lenyewe.

Kuyeyuka ni yabisi kuwa kimiminika, na barafu huyeyuka inapofikia nyuzi 0 za Selsiasi. Kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hewa kwa kawaida huwa chini ya kiwango hicho, tena ni kavu sana. Katika hewa ya namna hiyo, barafu inayopigwa na jua na upepo hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, kama vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo vinavyopungua sandukuni bila kulowesha nguo hata moja. Juu ya barafu iliyo bapa, sehemu kubwa ya upotevu hutokea hivyo. Kwenye kuta zake zilizosimama wima, ambazo jua huzichoma ubavuni, maji hutiririka kweli.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kilo moja ya barafu huhitaji takriban kilojuli 334 ili iyeyuke, lakini huhitaji zaidi ya kilojuli 2,800 ili igeuke mvuke, kwa hiyo joto linaloondoa kilo moja kwa njia ya mvuke lingeweza kuyeyusha kilo 8. Hata hivyo, kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kwa takriban asilimia 85, na uhaba wa theluji mpya umechangia sana, kwani theluji mpya ni nyeupe na hurudisha mwanga wa jua, ilhali barafu kuukuu hunyonya joto.

Mvuke huo huchukuliwa na upepo, haushuki mtoni. Maji ya chemchemi na ya mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya umwagiliaji, hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima. Naomba basi, chemchemi inapokauka, waandishi wenu wasiishie kutazama kileleni, bali wapande hadi msituni wakaulize ni miti mingapi imekatwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sayansi, Moshi